Memori Mbili za Nane

Injinia hakuwa injinia. Mama Chapa alimweleza hivyo kila aliyekuwa tayari kumsikiliza, na hata wasiokuwa tayari. Shemeji yake huyo, kaka mkubwa wa mumewe, aliwahi kumwendesha injinia wa barabara, basi, hicho ndicho chuo chake. Barabara ilipokwisha, injinia mwenyewe alikwenda zake, kofia yake ngumu ya manjano ikabaki kwenye kiti cha nyuma, dereva akaivaa. Mpaka leo huivaa akija kukagua nyumba za watu. Husimama uani, hufumba jicho moja, hutazama ukuta kwa muda mrefu, kisha hutoa hukumu: "Huu ukuta umelala." Ukuta haujalala. Umesimama hapo tangu yeye hajaipata hiyo kofia.

Lakini kujiita injinia lilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuwa tabia yake ya kutia mkono. Injinia akikigusa kitu chako hata kwa ncha ya kidole, kitu hicho kimekutoka. Mama Chapa na mumewe walijenga nyumba kwa kujinyima mpaka majirani wakadhani wanaumwa. Injinia akaleta ngazi siku ya kupaua, na tangu hapo kwenye kila kikao cha ukoo inaitwa "ile nyumba tuliyojenga". Alileta mkanda wa cherehani, mkanda wenyewe umechakaa, na cherehani ikageuka "cherehani niliyompa shemeji". Binti yao alipokwenda shule ya bweni, Injinia alimbebea sanduku hadi stendi. Binti ni muuguzi sasa, na ukimsikiliza baba yake mkubwa akisimulia, utadhani alimsomesha kwa kuuza figo.

Mama Chapa mwenyewe alikuwa na chumba cha uchapaji, kimoja tu, kinachotazamana na lango la nyuma la hospitali. Kwa lango la mbele huingia wagonjwa. Kwa lango la nyuma hutoka wale ambao hawatarudi kupimwa tena, na ndugu zao huvuka barabara moja kwa moja hadi kwenye kaunta yake, macho mekundu, picha kwenye simu, wasifu wa marehemu umeandikwa nyuma ya karatasi ya dawa. Yeye huwatengenezea kijitabu cha mazishi: picha kubwa kwenye jalada, ratiba, wasifu, picha nyingine nyingi za ujana na za harusi, na shukrani kwa madaktari walioshindwa.

Kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kuwadharau watu wanapoandika. Hakuna marehemu hata mmoja aliyepita mikononi mwake akiwa mtu wa kawaida. Wote walikuwa wacheshi, wote wachapakazi, wote walipenda watoto. Na wote, bila kumsaza yeyote, waliacha pengo lisilozibika. Alilichapa pengo hilo kwa mtu aliyewatelekeza wake zake wawili kwa zamu. Alilichapa kwa mwenye nyumba ambaye wapangaji wake walikuja msibani ili tu wahakikishe. Kuna siku alimuuliza mteja kwa upole, "Na hili pengo, tuliache au tulitoe?" Mteja akatazama huku na huku, akasema, "Liache tu, mama, watu watasema." Akaliacha.

Kompyuta aliyotumia kwa kazi hizo ilikuwa, kama ulivyokwisha kukisia, "kompyuta niliyompa shemeji". Ofisi moja ilikuwa inatupa takataka zake, Injinia akapita hapo, akaibeba. Ukiifungulia picha ya kwanza inakubali. Ya pili inaguna. Ya tatu, kile kiduara cha kusubiri kinaanza kuzunguka katikati ya skrini, nacho kikianza unaweza kwenda kununua sabuni, ukarudi, ukakikuta kinazunguka. Siku ya kijitabu cha mwalimu fulani mstaafu iliganda katikati ya kuchapa, na printa ikatema jalada lenye nusu ya uso, kuanzia puani kushuka chini. Binti wa mwalimu alikuwa amesimama pale pale. Aliichukua ile karatasi, akaitazama, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mkoba. Mama Chapa aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Afadhali yule binti angemtukana.

Injinia alipoelezwa alikunja uso. "Mashine hiyo imekulisha, shemeji," alisema. "Usiitukane."

Hapo ndipo Mama Chapa alipokata shauri. Angeunda kompyuta yake mwenyewe, kifaa kwa kifaa, cha kwanza hadi cha mwisho, kwa jasho lake. Kompyuta ya kufanyia kazi alikuwa anaihitaji, hilo ni kweli. Lakini zaidi ya kuihitaji, alitaka kabla hajafa awe na kitu kimoja duniani ambacho Injinia hataweza kusimama mbele ya watu na kusema kina mkono wake. Kimoja tu. Aliona si ombi kubwa.

Fundi alimpata ghorofani kwenye jengo la vifaa vya umeme, mahali ambapo ngazi zinanuka plastiki mpya na kila mlango una mtu anayekuita mama huku anakuvuta mkono. Fundi huyu hakumvuta. Alikuwa mwanamume wa makamo, mzito wa kuinuka, na alikuwa na neno moja tu la kujibia kila swali. Prosesa hii ni nzuri? "Inategemea." Kasha hili halipati moto? "Inategemea." Mama Chapa aliamini kwamba hata akimuuliza kama ameamka salama atapewa jibu lile lile. Hata hivyo alikuwa na sifa moja: hakujua Injinia ni nani.

Wakaenda hivyo polepole, leo bodi, wiki nyingine pawa ya kuingizia umeme, baadaye prosesa, kila kifaa kikihifadhiwa na boksi lake juu ya kabati la nguo, nyuma ya mashuka ya wageni. Mtu pekee aliyejua alikuwa mume wake. Mwishowe ikabaki memori, na hapo fundi akajitoa.

"Hiyo chagua mwenyewe, mama. Nikikuchagulia, ikikukera utanilaumu."

"Sasa wewe kazi yako nini?"

"Kufunga."

Alimweleza, hata hivyo, kwa ule mfano ambao mafundi wote wa dunia nzima huutoa kana kwamba kila mmoja ameuota yeye: hadidiski ni kabati, ndimo vitu vinamolala, memori ni meza, ndipo unapovitandaza unapovifanyia kazi, na umeme ukizimika meza inafutwa yote. Mama Chapa alimkatiza. Meza aliijua. Kule dukani alikuwa na meza ya kupangia kurasa kabla ya kuzikunja na kuzipiga pini, na alijua fika kwamba kabati likijaa karatasi mpaka juu halikufai kitu siku meza ni ndogo. Kilichokuwa kinamgandia miaka yote ni meza. Alitaka meza kubwa.

"Basi chukua gigabaiti kumi na sita," fundi alisema. "Bodi yako ina nafasi mbili za memori. Unaweza kuweka moja ya kumi na sita, nafasi moja ikabaki wazi, kesho na keshokutwa ukipata uwezo unaongeza. Au unaweka mbili za nane, zinazofanana. Hizo zinafanya kazi kwa pamoja, mashine inakuwa nyepesi zaidi, ila umeshajaza. Ukitaka kuongeza siku nyingine, utatoa hizo kwanza."

"Wengi wanachukua ipi?"

"Inategemea."

Muuzaji wa duka la pembeni, aliyekuwa amenyoosha shingo kusikiliza, akaona zamu yake imefika. Alileta memori yenye taa. Akaichomeka kwenye waya fulani wa maonyesho ikaanza kuwaka bluu, mara zambarau, mara kijani, kama taa za kinyozi anayetafuta wateja.

"Hii ndiyo wanayochukua wajanja, mama. Inabadilika rangi yenyewe."

"Inabadilika ili iweje?"

"Inapendeza."

"Inakaa ndani ya kasha lililofungwa. Nani ataiona?"

"Yapo makasha ya kioo."

"Kwa hiyo ninunue taa, halafu ninunue dirisha la kuitazamia taa." Alimtazama muuzaji jinsi alivyozoea kuwatazama wajane wanaosema marehemu hakuwahi kuwakasirisha. Muuzaji akachomoa taa zake akarudi kwake.

Kilichomwamulia Mama Chapa si wepesi wa mashine wala mambo ya kesho. Kilichomwamulia ni ile nafasi moja itakayobaki wazi. Aliiona kabisa akilini: Injinia ameinama, amefumba jicho moja, anachungulia ndani ya kasha. "Shemeji, hapa pana nafasi." Na wiki hiyo hiyo atakuja na kitu cha kuijaza, kitu chochote, kilichookotwa popote, na kompyuta yote, skrini, kasha na waya zake, itageuka "ile kompyuta tuliyomuundia shemeji". Hapana. Nafasi zote mbili zingejazwa, na angezijaza yeye.

"Nipe mbili za nane," alisema. "Zisizowaka."

Fundi akamwonyesha namna ya kutopigwa changa la macho. Kila memori, alisema, ina meno ya dhahabu ukingoni, na katikati ya meno kuna pengo. Kwenye bodi kuna kigingi kinachoingia katika pengo hilo. Bodi yake ilikuwa ya memori za kizazi cha nne. Za kizazi cha tano zinalingana nazo urefu, ila pengo lake limekaa pembeni kidogo, haziingii hata ukipiga magoti. Mama Chapa alichukua memori moja, akailaza juu ya nafasi yake kwenye bodi, akainamisha kichwa. Pengo na kigingi vilikutana sawasawa. Akaichukua ya pili, akafanya vile vile, ingawa zilikuwa pacha na hapakuwa na haja. Miaka yote ile ya kuchapa mapengo, hili lilikuwa la kwanza kuliona likisema kweli.

Alirudi nyumbani na kipakiti kile mapajani, na furaha aliyokuwa nayo haikuwa ya kuficha. Alikuwa amechagua. Hakuna aliyemchagulia, hakuna aliyempunguzia bei kwa kumjua mtu, hakuna aliyembebea mfuko.

Mumewe alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, mtu mpole kupita kiasi. Kila mtu alimsifia upole huo, na Mama Chapa alikuwa wa kwanza. Ukiishi na dhihaka zako mwenyewe kichwani kutwa nzima, mume mpole ni mapumziko. Alizishika zile memori kwa vidole viwili kama thamometa.

"Kumbe ni vidogo hivi," alisema. Kisha akauliza, "Kaka anajua?"

"Hajui, na hatajua mpaka iwe imewaka. Akija ataikuta inafanya kazi. Atakaribishwa chai."

"Sawa," mumewe alisema, akazirudisha kwenye kipakiti chake taratibu.

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi. Walitandika shuka safi kwenye meza ya sebuleni, akafunga bodi ndani ya kasha, akaweka prosesa na feni yake, akapitisha waya. Mama Chapa alisimama juu yake muda wote. Ilipofika zamu ya memori, alimwondoa. "Hizo nitaweka mwenyewe," alisema. Fundi hakubisha, alikuwa na mteja mtaa wa pili, akasema atapita baadaye kumwekea programu.

Na ndipo simu ikalia. Kulikuwa na msiba ambao mazishi yake yalikuwa yamewahishwa, ndugu walikuwa mlangoni pa duka, wanataka vijitabu vyao sasa hivi, mwili uko garini. Mama Chapa alitazama kipakiti, akatazama saa, akaona haya kuwasubirisha watu na mwili wao kwa ajili ya kazi ya kubonyeza vitu viwili. Aliacha kila kitu mezani, akamwambia mumewe asiguse, akatoka mbio.

Hakukawia. Aliporudi aliikuta kofia ya manjano juu ya kochi.

Injinia alikuwa ameketi kwenye kiti chake, yaani kiti cha Mama Chapa, mikono ya shati imekunjwa, mkononi ana tupa ya kunolea mapanga. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, anammulikia kwa taa ya simu, mchana kweupe. Juu ya shuka safi palikuwa na unga unga wa kijani.

"Shemeji, karibu," Injinia alisema, akimkaribisha nyumbani kwake.

"Kuna nini hapa?"

"Nimekuletea memori. Ile uliyonunua ni ndogo." Alisema kwa sauti ya daktari anayewapa ndugu habari. "Memori ndiyo inayotunza picha. Sasa wewe na kazi zako za picha za marehemu, ukiweka ndogo zitajaa, zitaanza kufutika zenyewe. Watu watakushtaki."

Mama Chapa alihisi ulimi wake unatafuta pa kuanzia. Mtu alikuwa amekaa kwenye kiti chake hajui tofauti ya kabati na meza, na alikuwa anamfundisha. "Na huu unga?"

"Ilikuwa haiingii. Pengo lake wamelikata vibaya huko kiwandani, liko pembeni. Nimechonga lingine, pale panapotakiwa." Akatabasamu kwa unyenyekevu. "Kitu kidogo tu."

Hapo aliona. Ndani ya kasha lake, katika nafasi ya kwanza, imekandamizwa mpaka mwisho, ilikuwa memori yenye taa, ya kizazi cha tano, yenye mapengo mawili: moja la kiwandani na moja la Injinia. Meno ya dhahabu yaliyokuwa njiani mwa tupa yalikuwa sehemu ya ule unga. Kipakiti chake yeye kilikuwa pembeni, hakijaguswa.

"Usiwashe," alisema.

"Usiogope, shemeji."

"Nimesema usiwashe. Mwambie kaka yako asiwashe."

Taa ya simu ya mumewe iliendelea kumulika. Injinia akabonyeza swichi.

Memori iliwaka. Kwa muda mfupi sebule yote ikapata rangi ya bluu, kisha zambarau, na Injinia akageuka na uso wa mtu anayesubiri makofi. Kisha kikasikika kitu kama ukucha unaokatwa, taa zikazimika, feni ikasimama, na harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda polepole ikakaa juu ya meza.

"Umeme wenu huu ni mdogo," Injinia alisema.

Fundi alipopita baadaye hakuhitaji kuelezwa. Alichomoa ile memori, akaigeuza geuza, akapima bodi kwa kifaa chake, huku na huku. Mama Chapa alimsubiri. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alitamani kulisikia lile neno lake.

"Bodi imekufa," fundi alisema. "Prosesa imepona, una bahati." Kisha akauliza, si kwa ubaya, kwa mshangao tu wa mtu wa kazi, "Nani amechonga?"

Injinia alikuwa ameshainuka. Alisema vifaa vya siku hizi vyote ni feki, alisema hakuja pale kudharauliwa, akanyoosha mkono kuchukua kofia yake. Na Mama Chapa, ambaye mpaka hapo alikuwa amejizuia vya kutosha kwa mtu wa tabia yake, akasema mbele ya fundi, "Shemeji, hiyo kofia si yako. Kila mtu anajua si yako."

Injinia aliondoka ameishika mkononi.

Ungedhani basi ni yeye atakayeomba radhi. Huwajui watu wa aina hii. Jumapili wifi yake, dada wa Injinia, alipiga simu kusema kaka mkubwa hajatia kitu mdomoni tangu jana, amelala tu anatazama dari. Jumatatu wifi akapiga tena: mtu ametoa kwa moyo wake, ameharibiwa memori yake ya gharama, na juu ya hayo akatukanwa mbele ya mgeni, hivi wewe wifi unajiona nani? Mama Chapa alimwambia kama ni dari, na yeye ana dari yake ya kutazama. Akakata simu.

Jioni hiyo mumewe alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akakaa kwenye ukingo wa kochi. Kasha lilikuwa bado mezani, limefunguliwa ubavu. Alilitazama, akajikuna shingo.

"Mwombe radhi tu," alisema. "Yaishe."

"Nimwombe radhi ya nini?"

"Ya kofia."

Mama Chapa alikuwa anakunja mashuka. Aliendelea kukunja, na katika kukunja huko swali likamjia, jepesi kabisa, na alishangaa kwamba halikuwa limemjia siku ile ile. Alikuwa ameghadhibika mno asiweze kuwaza.

"Alijuaje ni ndogo?" aliuliza. "Hakuwa amekigusa kile kipakiti. Alijuaje nimenunua ipi?"

Mumewe aliinama kupanga viatu vyake.

"Baba watoto. Nani alimwambia?"

"Mimi."

"Alikuuliza?"

"Hapana. Nilimpigia." Alikuwa mtu mpole na alikuwa mtu mkweli, na mkweli akishaanza hana breki. "Nilimpigia siku ile ile uliponionyesha. Nilimwambia aje na kitu chochote, hata waya. Ulipotoka Jumamosi nikamwambia sasa aje."

"Kwa nini?"

"Angejisikia vibaya."

Mama Chapa aliweka shuka chini. Alikumbuka kitu ambacho hakuwahi kukitilia maanani: siku ya kupaua nyumba, ngazi ya jirani ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wao tangu asubuhi, nzima, na waliruhusiwa kuitumia. Injinia hakuwa amepita njia kwa bahati. Kuna mtu alikwenda kumwita.

"Na ngazi ni wewe," alisema. Haikuwa swali. "Na mkanda wa cherehani."

Mumewe alitazama vidole vyake vya miguu.

Basi miaka yote hiyo alikuwa amemimina dharau yake pale penye kelele na kofia. Injinia alikuwa mpumbavu tu, mpumbavu hodari wa kuitika anapoitwa. Mlango alikuwa anafungua mwingine, kwa upole, na yeye mkewe alikuwa akilala ubavuni pake na kumsifia. Alisikia uchungu kifuani ambao bodi haikuwa imempa, na chini ya uchungu huo alisikia aibu, kwa kuwa alijiona mjuzi wa watu.

"Niambie kweli," alisema. "Ulikuwa unaona ubaya gani kikiwa changu?"

Mumewe alifikiri sana. Angeweza kudanganya, na mkewe angemsamehe hata uongo mbaya. Lakini alikuwa anatafuta jibu la kweli, ungeona usoni jinsi anavyolitafuta, na alipolipata akalitoa kwa sauti ile ile aliyotumia kuhesabu magodoro.

"Kikiwa cha kaka, ni cha kwetu," alisema. "Kikiwa chako, ni chako."

Mama Chapa hakupiga kelele, hakulia, na neno la kejeli, lile lililokuwa haliachi kumjia kwa watu wengine wote, kwa huyu halikuja. Alichukua simu, akampigia fundi, akaiweka sauti kubwa mezani, karibu na kasha.

"Nataka bodi nyingine," alisema. "Kama ile ile."

"Ile ile? Kuna mpya zaidi zimetoka."

"Ile ile. Nitakuja kesho."

"Nitakusindikiza," mumewe alisema kwa sauti ya chini. "Naweza kuomba ruhusa kazini."

Mama Chapa alimtazama usoni bila kuondoa macho, na simu ikiwa bado wazi kati yao.

"Na memori je, mama?" fundi aliuliza. "Nikutafutie?"

"Memori ninazo."